Uzi: LP (santuri ndefu) za nyimbo bora za Jim Reeves, mwimbaji wa country wa Marekani, ipi ya kununua na mbona zingine zinanong'ona?

1. Kawangware_FM
Wadau, salaam. Kuna LP tatu za Jim Reeves kwa muuzaji mmoja pale Kenyatta Market, na pesa inatosha moja tu. Ya kwanza ni The Best of Jim Reeves ya RCA Victor, toleo la 1964, kava limechanika kidogo kwenye kona. Ya pili ni 40 Golden Greats ya Arcade, santuri mbili ndani ya kava moja. Ya tatu ni mkusanyo wa lebo ya Camden, kava linang'aa, na neno STEREO limeandikwa kwa herufi kubwa. Bei hazijapishana sana. Kwa hesabu ya haraka nyimbo 40 zinazishinda 12, ama? Mashine ya santuri iliyoko ni ya kuzungushwa kwa belti, imeletwa kutoka Marekani, inatumia transfoma ya volti 110. Naomba jibu la wajuzi, si lile la "chukua unayoipenda".

2. Sindano_Butu
Mkuu, usihesabu nyimbo. Hesabu dakika za kila upande.

Upande wa LP ya inchi 12 unakaa vizuri ukiwa na dakika 18 hadi 22. Zaidi ya hapo, anayechonga santuri ya kwanza kiwandani analazimika kubana mifereji, yaani mistari ambayo sindano hupita. Besi ndiyo inayokula nafasi, kwa sababu inafanya mfereji uyumbe sana kushoto na kulia. Kwa hiyo ili mifereji isigongane, anapunguza besi na anashusha sauti yote. Wewe nyumbani unaongeza volyumu kufidia, na mikwaruzo na vumbi vinapanda pamoja na muziki. Hapo ndipo LP "inanong'ona".

Sasa piga hesabu. Nyimbo 40 kwa pande nne ni 10 kila upande. Nyimbo nyingi za Reeves ni za dakika mbili na nusu hivi, kwa hivyo upande mmoja unafika karibu dakika 25. The Best of ina sita kila upande, yaani kama dakika 15. Pale fundi alikuwa na nafasi ya kutosha kuacha sauti ikae juu na besi ipumue.

Jambo la pili ni nyimbo za mwisho wa upande. Santuri inazunguka mara 33⅓ kwa dakika popote sindano ilipo, lakini mzunguko wa nje ni mrefu kuliko wa ndani. Ukingoni sindano inapita kwenye sentimita 51 hivi za mfereji kila sekunde, na karibu na lebo ni 21 tu. Muziki uleule unabanwa kwenye nafasi isiyofika nusu. Herufi "s" zinaanza kupasuka na sauti ya juu inafifia. LP yenye nyimbo 10 kila upande inasukuma wimbo wa tisa na wa kumi hadi huko ndani kabisa. Ya nyimbo sita inaweza kukomea mbali na lebo.

3. Dada_wa_Rekodi
Sindano_Butu yuko sawa kwa hesabu, ila tusiitupe ile ya Arcade kabisa. 40 Golden Greats ilishika namba moja Uingereza mwaka 1975. Arcade walikuwa wakitangaza LP zao kwenye televisheni, na walionunua wengi walikuwa watu wa kusikiliza mara mojamoja sebuleni. Ndiyo maana si ajabu kukuta nakala ambayo haijachezwa sana.

Tena kuna suala la tarehe. Reeves alikufa kwenye ajali ya ndege tarehe 31 Julai 1964. Distant Drums ilitoka baadaye na ikawa namba moja Uingereza mwaka 1966, kwa hivyo LP ya 1964 haiwezi kuwa nayo. Kama huo ndio wimbo wa nyumbani kwenu wa Jumapili, soma orodha iliyo nyuma ya kava kabla ya kutoa pesa. RCA walitoa pia juzuu ya II na ya III za The Best of. Usimruhusu muuzaji akwambie "ni ile ile".

Na mjue kwamba nyimbo kadhaa zilizotoka baada ya kifo chake ni rekodi za majaribio alizoacha, RCA wakaongeza vyombo juu yake. Ukisikia sauti kavu iko mbele na vinanda vimekaa mbali kama chumba kingine, santuri haina ubovu. Ndivyo ilivyotengenezwa.

4. Mkebe_Tupu
Na ya Camden je? Ndiyo safi kuliko zote tatu.

5. Sindano_Butu
Camden ilikuwa lebo ya bei nafuu ya RCA, na ndipo penye mtego wa stereo ya kubandika. Geuza kava, usome karibu na namba. Ukiona herufi e ndani ya mabano mwishoni mwa namba, au maneno "Stereo effect reprocessed from monophonic", basi rekodi ni mono (sauti moja ileile kwa spika zote) iliyogawanywa kwa ujanja. Besi zinasukumwa upande mmoja, sauti nyembamba upande wa pili, mara nyingi na mwangwi juu. Kwa mwimbaji kama Reeves ni hasara tupu, kwa sababu kila kitu chake kiko kwenye koo. Mwaka 1957 kwenye Four Walls aliimba midomo ikiwa karibu kugusa maikrofoni, kwa sauti ya chini, na tangu hapo ndiyo ikawa namna yake. Ukiigawa sauti hiyo vipande viwili unabaki na mzee mmoja mnene kushoto na mwembamba kulia.

Kujaribu ni rahisi: zungusha kitufe cha balansi kushoto kabisa, kisha kulia kabisa. Stereo halisi inakupa vyombo tofauti kila upande. Mono halisi haibadiliki. Ya kubandika inakupa wimbo uleule, mnene huku na mwembamba kule.

Kama umeshainunua tayari, usikimbilie kitufe cha Mono. Pande mbili zikiunganishwa, masafa mengine yanakatana na sauti inakuwa na shimo katikati. Chagua upande mmoja unaosikika vizuri zaidi, uupeleke kwenye spika zote mbili.

6. Dada_wa_Rekodi
Naongeza hapo. Kwenye RCA za Marekani za miaka ya 60, namba ikianza na LPM ni mono, na LSP ni stereo. Za Uingereza, RD ni mono na SF ni stereo. Kwa mikusanyo iliyo na nyimbo za miaka ya 50, tafuta LPM au RD bila kusita. Wengi wanaiogopa mono wakidhani ni duni, na hiyo ndiyo inafanya zikae sokoni. Zaidi ya hayo, mono halisi ikichezwa na kitufe cha Mono kimebonyezwa, sehemu ya kelele za vumbi inajifuta, kwa sababu uchafu mwingi unairusha sindano juu na chini, na muziki wa mono uko kushoto na kulia tu.

7. Fundi_Luthuli
Nyinyi mnazungumza santuri, na jamaa ameandika jambo la hatari mwishoni: mashine ya belti kutoka Marekani na transfoma ya 110. Kawangware_FM, geuza hiyo mashine usome kibandiko cha nyuma na kile cha kwenye mota. Imeandikwa AC au DC? Na 60 Hz pekee au 50/60?

Transfoma inashusha volti. Haigusi hezi (Hz), yaani idadi ya mawimbi ya stima kwa sekunde. Stima yetu ni volti 240 na hezi 50, ya Marekani ni volti 120 na hezi 60. Mota ya AC ya aina ya kufuata hezi ikiletwa huku inazunguka kwa 50/60 ya kasi yake, yaani asilimia 83. Sahani inayobeba santuri inakwenda mara 27.8 kwa dakika badala ya 33⅓. Wimbo wa dakika 2:30 unachukua dakika tatu kamili, na sauti inashuka zaidi ya nusu-toni tatu. Kwa Reeves ni mtihani mgumu, maana sauti yake tayari iko chini. Mtu anaweza kukaa miaka akidhani ndivyo alivyoimba.

Kupima bila kifaa chochote: bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani, weka santuri na sindano iwe inacheza, kisha hesabu mizunguko kwa dakika tatu ukitumia saa ya simu. Inatakiwa 100. Ukipata 83, tatizo ni hezi. Ukipata 96 au 97, angalia belti iliyolegea au mafuta yaliyokauka kwenye ekseli.

Msitegemee vidoti vya kupimia kasi vya ukingoni mwa sahani, vile vinavyoonekana kusimama chini ya taa kasi ikiwa sawa. Kwa hezi 50 duara la 33⅓ linatakiwa liwe na alama 180, kwa hezi 60 ni 216. Sahani ya Marekani yenye alama 216 pekee, chini ya taa ya stima yetu, itakudanganya. Tena balbu nyingi za LED hazipepesi kwa hezi za stima, kwa hivyo alama hazisimami hata kasi ikiwa sawa.

8. Kawangware_FM
Imeandikwa AC 120V 60Hz. Na mizunguko ni 83 kwa dakika tatu, kama ulivyosema.

9. Fundi_Luthuli
Basi unahitaji puli ya hezi 50, kile kigurudumu cha mota kinachovuta belti. Fungua sahani ya juu kwanza uangalie: baadhi ya watengenezaji waliweka puli yenye ngazi mbili au kipete cha kuvalisha, unabadilisha tu. Kama haipo, peleka puli ya zamani kwa mafundi wa kukereza vyuma, Kariobangi Light Industries wapo wengi. Shaba nyeupe au alumini zinafaa.

Kipimo si kuzidisha kipenyo kwa 1.2 peke yake. Unene wa belti unaingia kwenye hesabu. Chukua kipenyo cha puli, ongeza unene wa belti, zidisha kwa 1.2, kisha toa unene wa belti. Mfano: puli ya milimita 10 na belti ya 0.6. Jumla 10.6, mara 1.2 ni 12.72, toa 0.6, unapata 12.12. Ukimwambia fundi "12" tu, mashine itakuwa nyuma kwa karibu asilimia moja, na mwenye sikio atasikia. Pima kwa kalipa, si rula. Shimo la katikati likae barabara kwenye ekseli ya mota, maana likiwa pembeni hata kidogo sauti itayumba kila mzunguko wa mota. Ngazi ya kasi ya 45 nayo ikerezwe kwa hesabu hiyohiyo.

Kwa wengine wanaosoma: mota ya DC, au ile ya sahani kuzungushwa moja kwa moja yenye kwatzi kama Technics SL-1200MK2, haijali hezi. Hiyo transfoma inaitosha.

10. Mkebe_Tupu
Kuna mwingine ambaye santuri zake zinanong'ona kwa sababu tofauti. Amechomeka mashine moja kwa moja kwenye tundu la AUX la hom-theta.

11. Fundi_Luthuli
Hilo nalo ni la kila wiki. Katriji ya sumaku, yaani kichwa kinachobeba sindano, inatoa milivolti 3 hadi 5, AUX inataka mamia. Halafu santuri zote za kisasa zinachongwa besi ikiwa imepunguzwa na sauti ya juu ikiwa imeongezwa, kwa utaratibu wa RIAA. Lazima kuwe na kifaa cha fono cha kurudisha mizani hiyo: desibeli 20 zinaongezwa kule chini kwenye hezi 20, na karibu 20 zinapunguzwa kwenye hezi 20,000. Bila hicho unasikia sauti ndogo, nyembamba, ya kukwaruza. Na ukiwa na fono mbili mfululizo, moja ndani ya mashine na nyingine kwenye amplifaya, sauti inapasuka. Angalia swichi ya PHONO/LINE iliyo nyuma.

Mvumo wa "mmmm" usioisha ni ule waya mwembamba wa ardhi haujafungwa kwenye skrubu ya amplifaya. Kaza hapo kabla ya kulaumu stima.

12. Sindano_Butu
Turudi kwenye meza ya muuzaji. Hii ndiyo namna ya kukagua, na haichukui dakika tano.

Toa santuri ukiishika ukingo na lebo tu. Toka nayo kwenye mwanga wa mchana, maana taa ndefu za dukani zinaficha. Iinamishe. Mfereji mzuri unang'aa mweusi. Ukiona kijivu, hasa kwenye sehemu za sauti kubwa, umelika na sindano nzito au iliyochakaa, na hakuna sabuni itakayoponya hilo. Mkwaruzo: pitisha ukucha taratibu kuukata. Ukucha ukikwama, utasikia "tak" kila sekunde 1.8, ambao ndio muda wa mzunguko mmoja. Usipokwama, mara nyingi unaonekana tu.

Kisha tazama tundu la katikati. Vijistari vingi kwenye lebo kuzunguka tundu ni alama za msumari wa mashine, watu wakitafuta shimo. Vikiwa vingi, imechezwa sana hata kama uso unang'aa. Halafu ilete usawa wa macho uone kama imepinda.

Hakikisha lebo inalingana na kava. Kwenye ile ya santuri mbili, soma pande zote nne. Kuna nakala zinazouzwa zikiwa na santuri ya kwanza mara mbili na ya pili haipo.

Kwa RCA za Marekani, soma maandishi yaliyochorwa kwenye sehemu tupu karibu na lebo. Namba inaishia na kitu kama 1S au 5S, yaani mchongo wa kwanza, wa tano. Herufi I, R au H ni kiwanda: Indianapolis, Rockaway, Hollywood. Usilipe zaidi kwa sababu ya 1S kama mfereji ni wa kijivu. Na ukikuta RCA ya miaka ya 70 nyembamba inayopinda mkononi, hiyo ni Dynaflex, haijaharibika.

Mwisho, kumbuka ni muziki wa aina gani. Benga inaficha mikwaruzo, gitaa halinyamazi. Reeves ana kimya kingi nyuma ya sauti, kila "tak" inasikika. Santuri ambayo ingekubalika kwa muziki wa dansi inaweza kukuudhi hapa. Kuwa mkali zaidi kuliko kawaida.

13. Pangani_45
Kusafisha mnatumia nini? Vumbi la Januari halina huruma.

14. Dada_wa_Rekodi
Kwa lita moja: mililita 800 za maji yaliyochujwa kwa mvuke, 200 za spiriti ya isopropili, na matone mawili au matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na mafuta ya ngozi. Maji hayo yanauzwa kwenye vituo vya petroli kwa ajili ya betri, lakini soma chupa: unataka distilled water, si battery acid. Maji ya bomba, na hasa ya borehole, yanaacha chumvi ndani ya mfereji yakikauka. Spirit ya buluu usiguse, ina rangi na uchafu mwingine.

Funika lebo kwa kifuniko cha plastiki. Nyunyiza, subiri nusu dakika, futa kwa kitambaa laini cha maikrofaiba ukifuata mzunguko, kamwe usikate mfereji. Kisha suuza kwa yale maji peke yake, bila isopropili wala sabuni. Hatua hii ndiyo watu wanairuka, halafu wanalalamika kwamba santuri "imezidi kukwaruza baada ya kuoshwa". Ni sabuni iliyokauka. Ikaushe ikiwa imesimama, kivulini.

Na usitumie mchanganyiko huu kwa santuri za zamani za mizunguko 78 kwa dakika. Hizo ni shelaki, spiriti inaziyeyusha. Tena zinahitaji sindano yake pana, mikroni 75 hivi. Ya LP ni 18.

15. Pangani_45
Uzito wa sindano je? Mashine yangu ina katriji ya AT3600L na jamaa aliniambia gramu mbili zinatosha "ili isile santuri".

16. Sindano_Butu
Alikupoteza. AT3600L inataka gramu 3 hadi 4, weka 3.5. Ikiwa nyepesi mno, sindano inarukaruka ndani ya mfereji na kuupiga kuta, na hiyo inaharibu kuliko uzito sahihi. Gramu 2 ni za AT-VM95E. Kila katriji na kipimo chake.

Kupanga: sawazisha mashine kwa pima maji, zungusha uzito wa nyuma hadi mkono uelee bila kupanda wala kushuka, weka duara la namba kwenye sifuri, kisha zungusha hadi kipimo. Mizani ndogo ya dijitali ya gramu itakuhakikishia. Ukichapisha karatasi ya kupangia pembe ya sindano, chapisha kwa asilimia 100, halafu pima mstari wake kwa rula kabla ya kuiamini. Printa za saiba hupenda kupunguza ukurasa ili utoshe. Pembe ikikosea kidogo, nyimbo za ndani ndizo zinazolia kwanza.

Zile mashine za sanduku zenye katriji ya serami zinakandamiza gramu 5 au 6 na mara nyingi hazina pa kurekebisha. Kwa LP ya 1964 ya mono, mimi singeiweka hapo.

17. Kawangware_FM
Nimechukua The Best of, ni LPM, mfereji mweusi. Puli iko kwa fundi. Swali la mwisho: kona ya kava na mshono wa chini, nitumie selotepu?

18. Dada_wa_Rekodi
Selotepu hapana, inageuka njano na gundi yake inahamia kwenye kava la jirani. Chukua gundi nyeupe ya mbao, ichanganye na maji kidogo, ipake ndani ya mshono kwa kijiti cha meno. Ndani ya kava tia karatasi ya mafuta ya kuokea ili pande zisishikane, weka vitabu juu, acha hadi kesho yake. Santuri yenyewe isiwe ndani. Wakati huo ikae kwenye mfuko mpya wa ndani, imesimama wima, mbali na dirisha la jua la saa tisa.